Mwanakwaya na Lugha Yake: Hoja ya Kumsikiliza Mwimbaji wa Ridhaa

Utangulizi

Wasifu wa Siti Binti Saad, kazi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1958, ulimchukua mwimbaji aliyezaliwa katika ufukara ukamwandikia maisha yake kwa heshima kubwa. Siti aliishi kwa uimbaji wake, na sauti yake ilinaswa katika santuri huko Bombay kuanzia mwaka 1928. Tangu wakati huo taarab imepata wachambuzi wengi. Tenzi nazo zina wahariri wake, na ngoma ya beni ilipata kitabu kizima cha Terence Ranger mwaka 1975.

Mwimbaji ninayekusudia kumzungumzia katika makala haya hana santuri wala wasifu. Ni mwanakwaya: mtu anayetoka kazini jioni, akaenda mazoezini, akashika sauti yake, akarudi nyumbani usiku, na akafanya hivyo miaka arobaini bila ya kulipwa. Kwaya za Tanzania zimeandikiwa, miongoni mwa wengine, na Gregory Barz (2003), lakini kitabu chake ni cha Kiingereza na shabaha yake ni muziki na ibada. Sisi tunaojishughulisha na lugha yenyewe tumemwacha mwanakwaya kwa wenzetu wa fani nyingine, kana kwamba maneno anayoyaimba si Kiswahili.

Hoja yangu ni kwamba mwanakwaya aliyeimba umri mzima ana ujuzi wa Kiswahili ambao idara zetu hazijamwuliza. Ujuzi huo uko kinywani mwake na katika daftari lake, na vyote viwili vinapotea. Ni wajibu wetu, na hasa wa wanafunzi wetu wa uzamili na uzamivu, kuvikusanya.

Ridhaa ni nini?

Kiswahili kina neno zuri la kumtaja mtu wa aina hii. Katika michezo tunatofautisha ngumi za kulipwa na ngumi za ridhaa. Neno ridhaa limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kukubali na kuwa radhi. Baadhi ya lugha za Ulaya humtaja mtu huyu kwa neno lenye asili ya Kilatini linalohusu kupenda. Mkazo wa Kiswahili ni tofauti kidogo: mtu wa ridhaa ni yule aliyekubali, aliyejifunga kwa hiari yake mwenyewe.

Tofauti hii ina uzito. Mwanakwaya hakubali mara moja tu. Hukubali kila juma, mvua ikinyesha au nauli ikipungua. Hununua sare kwa fedha yake, huchangia safari, hutozwa faini akichelewa, na hukubali kukosolewa mbele ya watu na mwalimu wa kwaya ambaye pengine ni mdogo kwake kwa umri na kwa elimu. Katika lugha ya kila siku neno ridhaa limeanza kubeba maana ya kitu cha kiwango cha chini, kisichokamilika. Matumizi hayo yanapotosha. Asiyelipwa si lazima awe asiyejua.

Tuchukue hesabu ya kawaida. Mtu akifanya mazoezi mara mbili kwa juma, saa mbili kila mara, kwa majuma 50 ya mwaka, atakuwa ametumia saa 200 kwa mwaka. Kwa miaka 40 atakuwa ametumia saa 8,000, bila ya kuhesabu ibada, arusi, misiba na sherehe za kitaifa. Kozi ya chuo kikuu yenye mihadhara mitatu ya saa moja kwa juma, kwa majuma 15, ina saa 45. Mwanakwaya wetu amehudhuria zaidi ya kozi 170, na somo lake muda wote huo limekuwa namna ya kutamka maneno ya Kiswahili pamoja na watu wengine, kwa wakati mmoja, yakasikika.

Umri wa mwanakwaya

Katika jambo hili mimi mwenyewe ni mmoja wa watoa habari. Niliingizwa katika kwaya ya shule ya msingi mkoani Kagera mwaka 1979, nikiwa darasa la tatu, katika mwaka ambao vita dhidi ya Idi Amin vilimalizika na shule za kwetu ziliimba nyimbo za kuwapongeza askari. Niliimba sauti ya kwanza, kama watoto wote. Sauti ilipovunjika nikahamishiwa ya tatu, kisha ya nne, na hapo nimebaki. Niliimba katika kwaya ya sekondari, nikaimba Jeshi la Kujenga Taifa nilipokwenda kwa mujibu wa sheria, kabla ya utaratibu huo kusitishwa mwaka 1994, na tangu nilipoajiriwa nimekuwa katika kwaya ya usharika. Sijawahi kuimba peke yangu mbele ya watu, na sitarajii.

Maisha kama haya ni ya kawaida sana, na ndiyo sababu nayataja. Wenzangu wa rika langu wameimba Azimio la Arusha, kilimo cha kufa na kupona, tahadhari ya UKIMWI, uchaguzi wa vyama vingi, na msiba wa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Kwaya zilikuwapo mashuleni, vijijini, viwandani, jeshini na makanisani, na mara nyingi mtu yule yule aliimba katika mbili au tatu kati ya hizo. Mtafiti anayetaka kujua jinsi istilahi za siasa zilivyofika katika vinywa vya watu wa kawaida asitafute magazetini tu. Maneno kama ujamaa, kujitegemea na ubepari yalikaririwa kwa sauti nne kabla hayajaeleweka kwa wengi waliokuwa wakiyaimba.

Hata wimbo wa taifa ni urithi wa watu hawa. Enoch Sontonga, aliyetunga Nkosi Sikelel' iAfrika huko Afrika Kusini mwaka 1897, alikuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya. Tuni yake imekuwa ya Mungu Ibariki Afrika tangu uhuru wa Tanganyika mwaka 1961. Raia anayesimama wima na kuimba wimbo huo anatimiza kazi ya mwanakwaya: anaweka silabi za Kiswahili juu ya noti zilizotungiwa lugha nyingine. Kazi hiyo ina kanuni, nami naona kwamba kanuni hizo ni za kiisimu.

Silabi, toni na mkazo

Lugha yangu ya kwanza ni Kihaya, ambacho ni lugha ya toni, kama ilivyochambuliwa katika kitabu cha Byarushengo, Duranti na Hyman (1977). Katika lugha ya aina hiyo tuni ngeni inaweza kwenda kinyume cha toni za maneno, na msikilizaji akapata shida ya kuelewa au akasikia neno jingine. Si ajabu kwamba Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri aliyechambua fonolojia na mofolojia ya Kinyaturu (1964), ndiye pia aliyekusanya Tumshangilie Mungu, mkusanyo wa nyimbo za kanisa zenye tuni za Kiafrika. Mwanaisimu aliyezoea kusikiliza toni hawezi kuvumilia tuni inayozivunja.

Kiswahili hakina toni, na kwa sababu hiyo tumedhani kwamba kuimba kwa Kiswahili hakuna matatizo. Matatizo yapo, ila yamehamia kwenye mkazo. Mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama lazima, na barabara yenye maana ya sawasawa. Neno la silabi mbili, kwa mfano Mungu, Bwana au moyo, huanza kwa nguvu na kuisha kwa udhaifu. Tuni nyingi za Kiingereza na za Kijerumani huanza kwa noti dhaifu, na mistari yake mara nyingi huisha kwa noti yenye nguvu. Mfasiri akiweka neno Bwana mwanzoni mwa tuni kama hiyo, uzito utaangukia silabi ya mwisho. Akianza kwa Mwokozi au asante, maneno ya silabi tatu, noti dhaifu itapokea silabi dhaifu na mambo yatakaa sawa. Mwanakwaya mzoefu anajua jambo hili. Hatalisema kwa istilahi zetu. Atasema kwamba wimbo huu unatamkika na ule hautamkiki. Mwisho wa mstari, ambapo hakuna neno la Kiswahili litakalomwokoa, ataipunguza noti ya mwisho hata kama mtunzi ameiandika ndefu, kwa sababu sikio lake limekataa kuipa nguvu silabi isiyo na nguvu.

Mfano wa pili ni wa nazali zinazounda silabi. Tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba nchi ina silabi mbili, na kwamba n ndiyo inayobeba mkazo. Wanaandika, wanafaulu, wanasahau. Katika kwaya jambo hilo haliwezi kusahauliwa, kwa sababu n ina noti yake, na noti hiyo pengine ni ya mapigo mawili. Mwimbaji hana irabu ya kuishikilia. Inambidi aimbe n yenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwa m katika mtu na mti. Mtoto wa Kihaya, ambaye kwao mtu ni omuntu, huvutwa kuimba mutu, na ndivyo wasemavyo pia wenzetu wa Kongo katika Kiswahili chao. Mwalimu wetu wa shule ya msingi hakuwa na somo la fonolojia. Alitwambia tufunge midomo tuhesabu mbili. Sijasikia hadi leo maelezo bora zaidi ya silabi isiyo na irabu.

Washairi wetu wa arudhi wanaijua kanuni hii pia, kwa kuwa huihesabu n ya nchi kuwa mizani kamili. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alishikilia kwamba shairi halina budi kuimbika. Mgogoro wa ushairi uliofuata, hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi (1974), uliendeshwa kana kwamba kulikuwa na njia mbili tu: vina na mizani, au uhuru. Wakati tukibishana, wanakwaya walikuwa tayari wakiimba maelfu ya matini yasiyo na vina wala mizani sawa, ambayo hata hivyo yaliimbika, kwa kuwa mpangilio wake ulitoka katika tuni na katika mkazo wa maneno. Mgogoro ule ungekuwa na sura nyingine kama tungewasikiliza.

Kiswahili kilichohifadhiwa kinywani

Kwaya imehifadhi pia maumbo ambayo mazungumzo ya kila siku yameyaacha. Katika miji mingi ya bara ni nadra kumsikia kijana akisema twaja, u mwema, yu hai, ndiwe au hima. Mwanakwaya huyaimba kila Jumapili, na anayaelewa. Vitabu vya nyimbo vilivyotumika kwa vizazi kadhaa, kama Tenzi za Rohoni na Nyimbo Standard, vimekuwa darasa la sarufi ya zamani kwa watu ambao hawakupata kusoma tenzi za pwani. Msamiati wenye asili ya Kiarabu, kama fadhili, rehema na shukrani, uliwafikia wengi wa kwetu kwa njia ya kwaya ya Kikristo. Historia ya usanifishaji, ambayo kwa kawaida tunaianza na uteuzi wa Kiunguja mwaka 1928 na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, haina budi kuipa nafasi njia hii.

Aidha, kwaya ilileta kusoma kwa aina ya pili. Noti za solfa, zilizoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 kwa kuendeleza kazi ya Sarah Glover, huandikwa kwa herufi za kawaida, nukta na vistari. Hazihitaji karatasi maalumu. Mkulima aliyeishia darasa la nne aliweza kuandika sauti nne za wimbo katika daftari la shule, na mwingine wa mkoa wa mbali akausoma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa lugha za wenyeji, na Padri Stephen Mbunga alipochapisha utafiti wake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, haja ya matini mapya ya Kiswahili iliongezeka ghafla. Waliolijaza pengo hilo, kwa sehemu kubwa, walikuwa walimu wa shule, makatekista na wanakwaya wenyewe.

Pingamizi tatu

Nafahamu kwamba hoja hii itapingwa. Pingamizi la kwanza ni kwamba kwaya ni kitu cha kuja, chombo cha misheni kilichosukuma ngoma pembeni. Hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa, na walioumizwa na historia hiyo wana haki ya kuisema. Lakini chanzo cha kitu hakituondolei wajibu wa kukichunguza baada ya watu kukifanya chao. Hati zetu za Kilatini nazo ni za kuja, na hatuachi kusoma riwaya kwa sababu hiyo.

Pingamizi la pili ni kwamba lugha ya kwaya ina makosa. Mfano unaotajwa zaidi ni nyimbo hii badala ya wimbo huu. Mwalimu wa sarufi atasahihisha, na ni kazi yake. Mwanaisimu ana swali la kuuliza kwanza. Mtu anayesema nyimbo hii amelichukua umbo la wingi na kuliweka pamoja na nyumba, neno ambalo halibadiliki katika umoja na wingi. Hivyo ndivyo majina yanavyohama kutoka ngeli moja hadi nyingine, na kwaya inatuwezesha kulitazama badiliko hilo likitokea mbele yetu.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: kwamba kumtukuza mwanakwaya ni kuwasahau Waswahili Waislamu, wenye lugha hii tangu asili. Hoja yangu haina nia hiyo, wala haiishii kanisani. Waimbaji wa kasida katika madrasa na katika Maulidi ni watu wa ridhaa vile vile. Nao hujifunga kwa hiari, hukaririshwa matamshi, na hubeba umri mzima maneno ambayo hayaandikwi na wasomi. Nimemzungumzia mwanakwaya kwa sababu ndiye ninayemjua kwa ndani. Atakayemwandikia msomaji wa kasida atakuwa anajenga nyumba hii hii upande wa pili.

Kinachopotea, na la kufanya

Haja ya kuharakisha inatokana na mambo mawili. La kwanza ni daftari. Mwanakwaya wa miaka ya 1970 na 1980 alinakili nyimbo kwa mkono, akaweka tarehe, mahali alipoupata wimbo, marekebisho ya maneno, pengine na jina la mtunzi. Mara nyingi jina hilo halipo penginepo popote, kwa kuwa wimbo ukishapendwa huitwa wa kwaya fulani na mtunzi husahauliwa. Madaftari hayo yanaliwa na mchwa, yanafungiwa vitumbua, au yanatupwa baada ya matanga.

La pili ni namna ya kujifunza. Siku hizi nyimbo zenye noti hupigwa chapa kwa kompyuta na kupitishwa kwa simu, jambo ambalo ni la kushukuru. Lakini vijana wengi hujifunza kwa kuisikiliza sauti iliyorekodiwa na kuiga. Wanaipata tuni kwa siku moja, pamoja na matamshi ya aliyerekodi. Kile kipindi ambacho mwalimu alisimamisha wimbo katikati, akauliza kama uzito uko moyo au moyoni, na watu wazima wakabishana juu ya silabi hadi taa ikazimwa, kinapungua. Ubishi ule ulikuwa semina ya fonolojia. Hakuna aliyeandika kumbukumbu zake.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika idara za Kiswahili atafute daftari moja la mwanakwaya, alinakili kwa idhini ya mwenyewe, na kulirudisha. Pili, amrekodi mwenye daftari akisimulia maisha yake ya uimbaji, kisha akiimba, hasa penye nazali na penye mkazo unaogongana na tuni. Tatu, nakala hizo ziwekwe katika maktaba za idara chini ya jina la mwenyewe, kama tunavyoziweka hati za tenzi, na kazi hiyo ihesabiwe katika alama za kozi. Gharama yake ni nauli na simu ambayo mwanafunzi tayari anayo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba uimbaji wa ridhaa ni namna ya kuijua lugha, wala si burudani ya baada ya kazi tu. Mwanakwaya hatatuletea ujuzi huo ofisini, kwa kuwa hajui kwamba tunauhitaji, na pengine hata yeye hauiti ujuzi. Inatubidi sisi tumwendee, jioni, mahali anapofanyia mazoezi, naye ana umri wa miaka sitini au sabini. Wenye maoni tofauti, hasa wenzetu wa fasihi na wale wanaochunguza kasida, wanakaribishwa kuyaleta katika kurasa hizi.